Manjano Yasiyoisha Ni Kazi ya Mpasuaji

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, waganga wafawidhi, wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ndugu zangu wa Mwanza na wote mliovuka maji kutoka visiwani kuja kutusikiliza. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naomba niingie moja kwa moja kwenye lililonileta.

Leo ni 28 Julai, siku ambayo dunia imeitenga kwa ajili ya homa ya ini. Ni tarehe aliyozaliwa Baruch Blumberg, Mmarekani aliyegundua kirusi cha homa ya ini B katika miaka ya 1960 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Wenzangu walionitangulia wameeleza vizuri habari za kirusi, chanjo na vidonge. Mimi ni daktari wa upasuaji. Kazi yangu ni ini, kongosho na mirija ya nyongo, na nimeombwa niseme kisu kinaweza kufanya nini kwenye magonjwa hayo. Kinaweza mengi. Ila kinayaweza kwa mgonjwa aliyefika angali na nguvu, na wengi wa wagonjwa wetu wanafika nguvu na akiba vimeshaishia kwingine.

Nianze na maumbile, maana bila hayo mengine hayataeleweka. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, limekaa kulia chini ya mbavu. Usiku na mchana linatengeneza nyongo. Nyongo inashuka kwa mrija mmoja mkuu wenye upana wa milimita 6 hivi, mrija huo unapenya kichwa cha kongosho, kiungo kinachotengeneza maji ya kumeng'enya chakula, halafu unafungukia kwenye utumbo mwembamba. Pembeni yake umening'inia mfuko wa nyongo, ambao ni ghala tu. Sasa fikirini mrija huo umezibwa, ama na jiwe, ama na mchango uliopanda kutoka tumboni, ama na uvimbe wa kongosho. Nyongo haina pa kwenda, inarudi kwenye damu. Macho yanageuka manjano. Mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Choo kinapauka hadi kukosa rangi, kwa sababu rangi ya choo inatokana na nyongo. Ngozi inawasha usiku kucha, mtu anajikuna mpaka anatoka damu.

Hayo ndiyo manjano ya kuziba. Yako manjano mengine, ya ini lenyewe kuugua kama kwenye homa ya ini, na ya damu kuvunjika kama kwa wenye selimundu (sickle cell) au malaria kali. Hayo mengine yana dawa zake, na mengi huisha yenyewe. Manjano ya kuziba hayana kidonge. Hakuna mzizi wala kikombe cha dawa kinachozibua mrija uliobanwa na uvimbe.

Mgonjwa ninayemwona mara nyingi ni baba wa miaka hamsini na kitu. Macho yalianza kubadilika wakati wa kuvuna pamba. Akatibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akaambiwa ni homa ya ini, akaacha nyama na mafuta. Mtu mmoja wa familia akasema ametupiwa kitu. Wakauza ng'ombe, wakaenda kwa mtaalamu wa jadi, wakakaa huko mwezi. Anapofika kwetu suruali imefungwa kwa kamba kiunoni, mikono ina makovu ya kucha. Ninapomuuliza kwa nini hakuja mapema, ananijibu jibu lile lile: "Daktari, sikuwa naumwa."

Ni kweli, hakuwa anaumwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 1890 daktari wa upasuaji wa Uswisi, Ludwig Courvoisier wa Basel, aliandika jambo ambalo tunalitumia hadi leo. Mtu akiwa na manjano, na chini ya mbavu za kulia ukapapasa mfuko wa nyongo uliojaa na hauumi, basi mara nyingi kilichoziba si jiwe. Mfuko uliokaa na mawe miaka mingi umeshajaa makovu, hautanuki. Unaotanuka ni mfuko mzima uliobanwa polepole kutoka chini, na kinachobana polepole ni uvimbe. Kipimo hicho hakina gharama. Mganga wa zahanati anaweza kukifanya kwa vidole vyake. Ukiupapasa mfuko huo, andika rufaa siku hiyo hiyo, usimpe mgonjwa vidonge vya wiki mbili arudi kuonwa tena.

Siwalaumu ndugu wanaochelewa. Kijijini manjano mengi wanayoyaona ni ya aina inayopona, na aliyepona baada ya kunywa majani ataisifu dawa ya majani. Ninachoomba ni mpaka uwekwe. Choo kikipauka, au manjano yakipita wiki mbili, mgonjwa apigwe ultrasaundi ya tumbo. Kipimo hicho kipo sasa kwenye hospitali nyingi za wilaya. Kwa dakika chache kinaonyesha kama mirija ndani ya ini imetanuka au haijatanuka. Ikiwa imetanuka, kuna kizuizi, na mgonjwa huyo ni wa mpasuaji.

Niseme tunachomfanyia huyo baba, kama kafika mapema. Upasuaji huo unaitwa kwa jina la Allen Whipple wa New York, aliyeutangaza mwaka 1935, ingawa Walther Kausch alikuwa ameshaufanya Ujerumani mwaka 1909. Tunaondoa kichwa cha kongosho, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo na sehemu ya chini ya mrija wake. Halafu tunaunga upya: kongosho lililobaki, mrija wa nyongo na tumbo la chakula, vyote vitatu kwenye utumbo. Ni kazi ya saa tano, sita, mara nyingine zaidi.

Kuna hatua katika kazi hiyo ambayo chumba kizima hunyamaza. Kabla hatujakata kisichoungika tena, tunapitisha chombo butu nyuma ya shingo ya kongosho, juu ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Tunakwenda kwa milimita. Kama uvimbe haujaushika mshipa, njia inafunguka na ncha ya chombo inaonekana upande wa pili, na hapo muuguzi anaanza kupanga nyuzi kwa sababu anajua tunaendelea. Kama umeushika, kwa wengi tunaishia hapo, tunaipitishia nyongo njia nyingine ili kuwasha kuishe, tunafunga. Picha nzuri ya CT, ile ya mashine inayoonyesha tumbo vipande vipande, hutuambia mapema jibu litakuwa lipi, lakini mkono ndio unaothibitisha. Kwa saratani ya kongosho duniani kote, hata kwenye nchi tajiri, ni mgonjwa mmoja kati ya watano hivi ambaye ugonjwa wake hugundulika ukiwa bado unaondoleka. Kwa uvimbe unaoota mahali mrija unapofungukia utumbo, hali ni bora zaidi, kwa sababu manjano hutokea mapema. Huyo anayepata manjano mapema ana bahati, mradi tu asikae nayo nyumbani.

Baada ya kuondoa inabaki kuunga. Kongosho lenye afya ni laini mno, uzi ukivutwa kidogo tu unakata nyama. Mrija wake wa ndani hauzidi milimita 3. Tunashona kwa uzi mwembamba kama unywele, tumevaa miwani ya kukuza. Mshono huo ukivuja, maji ya kongosho, ambayo kazi yake ni kumeng'enya chakula, yanaanza kumeng'enya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970 hospitali kubwa za Marekani na Ulaya zilikuwa zikipoteza karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne kwa upasuaji huu. Leo hospitali zinazoufanya mara nyingi hupoteza chini ya 5 kati ya 100.

Mheshimiwa mgeni rasmi, neno "mara nyingi" ndilo ninaloomba ulichukue kwenda nalo ofisini. Upasuaji wa namna hii haufai kugawanywa kidogo kidogo kila mkoa. Uholanzi, nchi ndogo yenye fedha, iliweka sharti mwaka 2011 kwamba hospitali isiyofanya angalau upasuaji 20 wa kongosho kwa mwaka isiufanye kabisa. Sababu haiko kwenye mkono wa mpasuaji peke yake. Iko kwa muuguzi wa usiku anayetambua homa ya siku ya tano ina maana gani, kwa mtaalamu wa picha anayeweza kuingiza mpira kwenye usaha bila kumfungua tena mgonjwa, kwa benki ya damu isiyokauka Jumapili. Watu hao wanajifunza kwa kuona wagonjwa wengi. Ninajua kila mkoa unatamani kusema na sisi tunafanya. Kwa kidole tumbo kilichopasuka, kwa ngiri, kwa uzazi pingamizi, kila wilaya inapaswa kufanya. Kwa kongosho na ini, tuwe na hospitali chache za rufaa zenye timu kamili, na gari la wagonjwa lenye mafuta la kuwafikisha huko. Vijana wanaofuzu kupitia Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho makao yake yako Arusha, wapate mahali pa kuiona kazi hii ikifanyika kila wiki.

Wilaya nayo ina kazi yake kubwa. Mtu mwenye manjano ya kuziba damu yake haigandi vizuri, kwa sababu bila nyongo utumbo haufyonzi vitamini K. Hiyo ndiyo iliyowaua wagonjwa wengi wa zamani, na ndiyo sababu Whipple mwenyewe mwanzoni aliugawa upasuaji wake mara mbili, hadi vitamini K ilipopatikana akaweza, mwaka 1940, kuufanya kwa siku moja. Sindano ya vitamini K mnayo, mnawachoma watoto wachanga. Mchomeni mgonjwa huyu kabla hajapanda gari. Na akiwa na manjano pamoja na homa na kutetemeka, huyo ana usaha kwenye mirija, aanzishiwe antibiotiki ya mshipa hapo hapo na asafirishwe usiku huo, maana anaweza kufa kabla ya wiki kuisha.

Sasa mawe ya nyongo. Hapa naongea zaidi na kina mama. Yako maumivu yanayokuja chini ya chembe ya moyo au kulia chini ya mbavu, saa moja au mbili baada ya kula, hasa chakula cha mafuta, yanapanda kwenye bega au mgongoni, yanakaza saa kadhaa halafu yanaachia. Watu wengi wamenywa dawa za vidonda vya tumbo mwaka baada ya mwaka kwa maumivu hayo. Nimemhudumia mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa ambaye alikuja na mfuko wa nailoni umejaa maboksi ya dawa za vidonda vya tumbo, na ultrasaundi ilikuwa haijawahi kupigwa. Ilipopigwa, mfuko wa nyongo ulikuwa umejaa mawe.

Huwa naulizwa kwa nini tunaondoa mfuko mzima badala ya kutoa mawe tu. Carl Langenbuch, aliyeuondoa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 15 Julai 1882, alijibu hilo wakati huo huo: mfuko unaondolewa kwa sababu ndio unaoyatengeneza mawe. Ukiyatoa na kuuacha, utayatengeneza mengine. Mwaka 1985 Erich Mühe, Mjerumani pia, aliuondoa kupitia matundu madogo, na leo hiyo ndiyo njia ya kawaida. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani kesho yake, na ini huendelea kumwaga nyongo moja kwa moja kwenye utumbo bila shida.

Lakini mawe yasiyouma, yaliyoonekana kwa bahati wakati mtu anapimwa jambo jingine, kwa kawaida tunayaacha. Akikuambia mtu lazima ukatwe kwa sababu ya jiwe ambalo hujawahi kulisikia, omba ushauri wa pili. Wenye selimundu ni habari tofauti. Damu yao inayovunjika kila siku inatengeneza mawe tangu utotoni, na nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Hao wapigwe ultrasaundi na wajadiliwe mapema, kwa sababu kwao kuziba kwa mrija huchanganywa na manjano waliyoyazoea.

Kuna ile dawa inayosambaa kwenye simu, ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya ndimu usiku ili mawe yatoke. Asubuhi mtu anaona vidonge vya kijani chooni, anapiga picha, anawatumia wenzake. Vile vidonge vimechunguzwa maabara: ni sabuni, iliyofanyika tumboni kutokana na yale mafuta yaliyonywewa. Mawe yake yako pale pale.

Na niwaambie madaktari vijana waliopo hapa, maana upasuaji wa mfuko wa nyongo unaonekana mwepesi. Hatari yake ni moja, kuukata mrija mkuu ukidhani ni kile kishina cha mfuko. Usikate chochote mpaka umesafisha pembe ile vizuri na umeona vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko, mrija wake na mshipa wake. Usipoviona kwa sababu ya uvimbe na damu, acha, fungua, au toa sehemu ya mfuko na uweke mpira. Mgonjwa aliyekatwa mrija mkuu anahitaji utumbo upandishwe na kuungwa kwenye mirija ya ini, kazi ngumu ambayo ina nafasi nzuri ya kufaulu mara ya kwanza tu, mikononi mwa anayeijua.

Niingie kwenye ini lenyewe. Ini lina uwezo ambao kiungo kingine cha ndani hakina: ukiondoa sehemu kubwa, lililobaki hukua tena ndani ya wiki chache. Mtu mwenye ini zima anaweza kubaki na theluthi moja akaishi. Mfaransa Claude Couinaud alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba ini limegawanyika katika sehemu nane, kila moja na mshipa wake na mrija wake, na kwa ramani hiyo tunaweza kutoa sehemu yenye saratani na kuacha nyingine zikifanya kazi. Damu tunaidhibiti kwa mbinu aliyoieleza James Pringle wa Glasgow mwaka 1908, ya kubana kwa mkanda mshipa na ateri zinazoingia ini. Tunabana dakika 15, tunaachia 5, tunabana tena, na muuguzi anasoma saa kwa sauti.

Tatizo ni kwamba saratani ya ini kwetu huota kwenye ini lililokwisha kuharibika na kukakamaa, na ini hilo halikui tena. Afrika kusini mwa Sahara saratani hii inawapata watu wa miaka ya 40, wanaolea watoto, na chanzo kikuu ni homa ya ini B. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 254 walikuwa wakiishi na kirusi hicho mwaka 2022. Tanzania iliingiza chanjo yake kwa watoto wachanga mwaka 2002. Kwa hiyo wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, uwezekano mkubwa hukuchanjwa. Kapime. Wengi wanajua kwa bahati, walipokwenda kumchangia ndugu damu wakakataliwa, halafu wakarudi nyumbani kimya. Anayekutwa nacho afuatiliwe, apate dawa akistahili, na apigwe ultrasaundi kila baada ya miezi sita. Uvimbe wa sentimita 2 naweza kuuondoa. Ule unaoonekana ukisukuma mbavu, mara nyingi siwezi.

Na mahindi na karanga zenye ukungu. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua watu 20 Dodoma na Manyara. Hayo ni mafuriko yake. Ya kila siku, kidogo kidogo kwenye ugali na uji wa lishe, yanaandaa saratani, hasa kwa mwenye kirusi B. Mkianika mahindi, anikeni juu ya turubai, na yale yaliyoota ukungu msiyasage, hata kwa ajili ya kuku.

Kuna mengine nitayapitia haraka. Jipu la ini la amiba hupona kwa dawa ya metronidazo na pengine sindano ya kuvuta usaha, halihitaji kupasuliwa isipokuwa limepasukia ndani. Kichocho cha ziwa letu hukakamaza mishipa ya ini hadi mtu anatapika damu. Huyo anahitaji mpira wa kufungia mishipa ya koo kupitia kamera, na dawa ya praziquantel wakati angali mtoto ingemwepusha na yote. Wafugaji wanaoishi karibu na mbwa, kama Waturkana wa Kenya, hupata mifuko ya maji kwenye ini itokanayo na tegu wa mbwa. Mifuko hiyo isitobolewe na asiyejua, kwa sababu maji yake yakimwagika tumboni yanaweza kumuua mtu hapo hapo.

Nimewaacha watoto mwisho kwa sababu kwao muda ni mfupi kuliko kwa wote. Wako watoto wanaozaliwa na mirija ya nyongo isiyopitika. Anazaliwa ana uzito mzuri, ananyonya, anacheka. Macho ni manjano, bibi anasema aanikwe jua la asubuhi, na wiki zinapita. Mwaka 1955 Morio Kasai, huko Sendai, Japani, alianza kuwaunganishia watoto hawa utumbo moja kwa moja kwenye mlango wa ini, pale mirija inapotokea. Upasuaji huo unafaulu vizuri zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60. Baada ya hapo ini linakakamaa, na kinachobaki ni kupandikizwa ini jipya, jambo ambalo familia nyingi huambiwa zilifuate India na hazina uwezo huo.

Sasa tazameni kalenda ya kliniki. Mtoto analetwa kuchomwa chanjo ya wiki ya sita, ile ile yenye kinga ya homa ya ini B. Siku hiyo ana siku 42. Zimebaki 18. Wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto, kabla hamjachoma sindano, mwambieni mama afungue nepi, muangalie choo kwa macho yenu. Kikiwa cheupe au kimepauka, msimpangie tarehe ya kurudi. Apigwe ultrasaundi, apimwe bilirubini ya moja kwa moja (direct), yaani rangi ya nyongo iliyorudi kwenye damu, aandikiwe rufaa wiki hiyo hiyo. Taiwan wanawapa kina mama wote kadi yenye picha za rangi za choo tangu mwaka 2004, na watoto wao wanafika mapema. Kadi kama hiyo ni karatasi moja, inaweza kubandikwa ndani ya jalada la kadi ya kliniki tuliyonayo.

Na wote mnaokuja kwetu kwa rufaa, wa umri wowote: njooni na picha zenyewe za ultrasaundi na CT, msije na karatasi ya majibu peke yake. Njooni na orodha ya dawa zote alizokunywa mgonjwa, za hospitali na za kienyeji, sitamgombeza mtu. Njooni na ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Kliniki yangu ni Jumanne na Alhamisi, na mwenye manjano tumeagiza mapokezi asipangiwe foleni ya wiki ijayo, aingizwe siku hiyo hiyo aliyofika.

Asanteni sana.